Kofia ya Risasi

Olomouc, Februari. Barafu imeganda kwenye kioo cha karakana,
na Alois Hruška anavuta droo ya herufi
kama ang'oaye jino lake mwenyewe.

Chapa hii ilizaliwa na kalamu ya ncha bapa.
Itazame a: tumbo limelalia kushoto kidogo
pale mkono ulipotua na wino ukakolea,
kisha mkono ukapaa, mstari ukawa mwembamba kama pumzi.
Chini ya kila mguu kuna kijiatu,
si cha urembo; ni cha kusimamia,
ili neno lisiteleze, jicho lipate mahali pa kushika.
Aliyeichonga alikuwa mnakili wa hati za kanisa,
akafa na deni la makaa ya mawe.
Alois hulisema hilo kwa fahari, sijui kwa nini.

"Usiipeleke sokoni," alinifunza mwaka wangu wa kwanza.
"Bei ya viazi haiitaki. Ratiba ya treni haiitaki,
mtu anakimbia, atasoma saa ngapi?
Ipe kitabu kirefu cha kusomwa kitandani.
Ipe lebo ya mvinyo, shahada ya mkunga,
mwaliko wa harusi. Na usiitawanye!
Ukipanua nafasi kati ya herufi zake
umewatenganisha ndugu mezani."
Niliwahi kuipanga kwa herufi kubwa tupu,
notisi ya kukatika maji mtaani.
Akacheka hadi miwani ikaanguka:
"Umemvisha fundi bomba joho la askofu."

Leo hacheki.
Leo anapanga karatasi yenye ukingo mweusi,
ile tunayoibandika huku kwenye mbao za mtaa
ili jirani ajue nani hatatoka tena kununua mkate.
Jiřina Hrušková.
J ipo. i ipo. Kisha mkono unasita.

Lugha yetu ina sauti moja inayowavunja wageni meno:
r iliyovaa kofia ndogo, imepinduliwa,
ulimi utetemeke na kupuliza kwa wakati mmoja.
Katika ukubwa huu zilikuwa arobaini.
Nyingine zilisagika, nyingine ziliyeyushwa,
nyingine aliwapa watoto wa ghorofa ya juu, wachezee.
Imebaki moja,
na kofia yake imemeguka upande.

Nikasema, tunayo chapa nyingine, nyofu, isiyo na vijiatu,
ř zimejaa droo nzima, mpya.
Akanitazama kama niliyemshauri
amzike mkewe na viatu vya jirani.

"Hii," akasema, ameishika kwa kibano,
"ndiyo niliyopangia kadi zetu za harusi.
Ilikuwa nzima. Alikuja mwenyewe kuzichukua,
akageuza moja, akapitisha kidole mgongoni mwake
palipoumwa na risasi. Akasema: kumbe nina uzito."

Tukapiga nakala sitini.
Sitini, na katika kila moja kofia ina nusu.
Nilidhani ataziacha hivyo. Akaketi,
akatoa kwenye sanduku la stempu kalamu bapa, kuukuu,
akaichovya.
Mkono unamtetemeka siku hizi; kijiko cha supu ni shahidi.
Lakini pale palipotaka unene, kalamu iliweka unene,
na pale palipotaka wembamba ikajipinda yenyewe,
kana kwamba herufi ilikuwa imeikumbuka njia ya nyumbani.
Hazikufanana hata mbili. Moja ilikuwa na doa.
Sikusema kitu. Nilikuwa nikizianika kwenye kamba.

Jioni nilibandika ya kwanza karibu na kituo cha tramu.
Mwanamke mwenye kikapu cha vitunguu alisimama,
akasogeza uso, midomo ikicheza,
akalisoma jina kwa sauti, taratibu,
na ile ř ikatetemeka kinywani mwake
sawasawa.